Kuhama Windows 10 kwenda Linux Mint bila kupoteza kazi zako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao bado umejaa kwenye kompyuta zetu za ofisini, za steshenari na za wanafunzi. Siku ile kompyuta hazikuzimika, na kwa macho hakuna kilichobadilika. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo, hakuna wa kulitengeneza, labda uwe umejiandikisha kwenye nyongeza ya muda, ambayo kwa watumiaji binafsi ilipangwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026.

Njia inayoelekezwa ni kwenda Windows 11, na hapo ndipo wengi tunapokwama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa chukua HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya laptop zilizotumika ng'ambo zikaja kuuzwa kwetu: ndani yake kuna prosesa ya kizazi cha 6. Dell Latitude E7470 na ThinkPad T460 nazo ni za rika hilohilo. Ni mashine imara, kibodi zake nzuri, RAM unaiongeza, diski unaibadilisha kwa bisibisi moja. Zina miaka mingi ya kazi mbele yake, na zinaambiwa hazifai.

Mimi kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na nimewahamisha watu wengi kutoka Windows kwenda Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Walioshindwa wakarudi nilikuja kuwaelewa baadaye. Walihama kila kitu kwa siku moja. Asubuhi mtu ana Word aliyoizoea, jioni ana programu asiyoijua juu ya mfumo asioujua, na kesho saa mbili mteja anataka kazi yake. Hapo hata mimi ningerudi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye programu, tukiwa bado ndani ya Windows. Zoea vyombo vipya ukiwa kwenye nyumba ya zamani, halafu uhame navyo.

Kwa nini Linux Mint

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi Helsinki, na hadi leo kanuni zake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ziko wazi: yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Programu za namna hiyo ndizo zinazoitwa huria. Juu ya msingi huo watu wamejenga mifumo mingi. Mmojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mkalimani kwa mtu anayejua maana ya utu. Mint ilizaliwa mwaka 2006 mikononi mwa Clement Lefebvre, ikijengwa juu ya Ubuntu.

Kwa anayetoka Windows naichagua Mint kwa sababu mbili. Kwanza, ukiifungua unajua pa kushika: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, madirisha yanafungwa palepale ulipozoea. Pili, haikusumbui. Haipakui masasisho makubwa bila wewe kuyaruhusu, na kwa mtu anayetumia intaneti ya bando jambo hilo peke yake lina thamani kubwa. Matoleo ya Mint 22, yaliyoanza Julai 2024, yanahudumiwa hadi mwaka 2029.

Inatosha kompyuta yenye prosesa ya biti 64, RAM ya GB 2 na diski ya GB 20. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na watengenezaji wenyewe, lakini wanashauri GB 4 na GB 100, nami nakubaliana nao. Ukiwa na GB 4 chukua toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Ukiwa na GB 8 chukua Cinnamon, ambalo ndilo linalopendeza zaidi. Na kama laptop yako bado ina diski ya kuzunguka, kabla ya jambo lolote weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Hakuna mfumo utakaokuonyesha tofauti kubwa kama hiyo.

Hatua ya 1: Andika kazi unazofanya kwa wiki nzima

Chukua karatasi. Kwa siku saba, kila unapofungua programu, iandike pamoja na kazi uliyoifanyia. Usiandike kwa kukumbuka, maana utasahau ile inayofunguliwa mara moja kwa mwezi, na kwa kawaida hiyo ndiyo yenye mgogoro.

Ukimaliza, utaona sehemu kubwa ya karatasi imejaa kivinjari: barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, YouTube, maombi ya kazi, mifumo ya serikali. Hivyo vyote vinafanya kazi ndani ya Firefox au Chrome kwenye Linux bila tofauti. Zoom nayo ina toleo la Linux.

Vilivyobaki vigawe. Word, Excel na PowerPoint vina LibreOffice. Photoshop ina GIMP, na kwa wachoraji kuna Krita. CorelDRAW ina Inkscape. Wanaopanga kurasa za vipeperushi na majarida wana Scribus. Video zinahaririwa kwa Kdenlive, sauti kwa Audacity. Mwanafunzi mwenye data za SPSS, programu ya takwimu, anaweza kuzifungua kwa PSPP. Mtu wa ramani ana QGIS, na hapo hapigi hatua ya kwenda gizani: mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa kuchora ramani za mitaa inayofurika, ulijengwa juu ya ramani na programu huria.

Kisha kuna vile ambavyo havina njia rahisi, na nakuomba uvitazame bila kujidanganya. AutoCAD haipo kwenye Linux. Programu nyingi za uhasibu za kusakinisha kwenye kompyuta hazipo. Mafaili ya Excel yenye makro (amri ndogo zinazojiendesha) ndani yake, kama baadhi ya fomu za kodi na za mishahara, yanaweza kufunguka kwenye LibreOffice halafu kitufe kisifanye kazi. Kama mkate wako unatoka kwenye mojawapo ya hizi, usifute Windows. Ziweke zote mbili kwenye mashine moja, kama nitakavyoeleza hapo chini, au baki ulipo mpaka utakapopata mbadala. Kuna kifaa kinaitwa Wine kinachoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux. Kinasaidia kwa programu ndogondogo, lakini mimi sikitegemei kwa kazi ya mteja.

Hatua ya 2: Badilisha programu kabla ya mfumo

Programu huria nilizozitaja kuwa mbadala, kuanzia LibreOffice hadi QGIS, zina matoleo ya Windows na ni bure. Zisakinishe leo kwenye Windows yako, na kwa mwezi mmoja zitumie kazini. Usiiondoe Word, ila usiifungue mpaka ukwame kweli.

LibreOffice ina mambo matatu ya kurekebisha mapema. La kwanza: yenyewe huhifadhi kwa mtindo wa .odt, na ukimtumia mtu mwenye Word anaweza kulalamika. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Load/Save", kisha "General", na uchague Word ya .docx iwe chaguo la kudumu. Fanya hivyo pia kwa jedwali na mawasilisho.

La pili ni herufi. Barua ikiandikwa kwa Calibri au Cambria, ikafunguliwa kwenye kompyuta isiyo na herufi hizo, mistari inasogea, ukurasa wa nne unaingia wa tano, na jedwali linakatika. Watu wengi wanadhani hapo LibreOffice imeharibu kazi yao, kumbe ni herufi tu. Kuna herufi huria mbili, Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa upana uleule wa Calibri na Cambria ili mistari ibaki mahali pake. Kwa Times New Roman na Arial kuna Liberation Serif na Liberation Sans. Na kazi inayokwenda kuchapishwa tu, bila kuhaririwa na mtu mwingine, itume kama PDF, maana hiyo haisogei popote.

La tatu ni Kiswahili chenyewe. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, hivyo hauhitaji tena kuandika ripoti huku kila neno limepigiwa mstari mwekundu kama mtoto aliyefeli imla. Hili lina historia ya karibu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotokana na OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice. Waliweza kwa sababu kanuni zilikuwa wazi. Hawakuhitaji kumsubiri mwenye kampuni aone kama Kiswahili kina soko.

Hatua ya 3: Nakala ya akiba, na namna ya kuihakikisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliwahi kumwumiza mtu.

Kijana mmoja wa chuo aliniletea laptop nimfutie diski nimwekee Linux. Nikamuuliza, "Mafaili yako umeyahamisha?" Akasema, "Yote, kaka, yako kwenye flashi." Nikafuta. Jioni akachomeka flashi, akaona majina yote yapo: tasnifu, picha za mahafali ya dada yake, vyeti. Akabofya la kwanza, halikufunguka. La pili, hivyohivyo. Nikaangalia ukubwa: kila faili lilikuwa na KB 2. Alikuwa amenakili njia za mkato zilizokaa kwenye uso wa kompyuta, vile vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Mafaili halisi yalikuwa ndani ya diski niliyokwisha kuifuta. Tulirudisha baadhi kwa programu ya kuokoa mafaili, lakini tasnifu ilirudi nusu. Tangu siku ile sifuti diski ya mtu kabla sijafungua nakala kwa macho yangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nakili folda nzima za Documents, Desktop, Downloads, Pictures, Music na Videos kwenye diski ya nje. Angalia pia kama una folda umeziweka moja kwa moja kwenye C au D. Kwenye Windows bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", linganisha ukubwa wa asili na wa nakala. Kisha chomoa diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, na ufungue mafaili kumi ya aina tofauti: barua, picha, jedwali, video. Yakifunguka kumi, una akiba. Yasipofunguka, huna.

Usisahau visivyo mafaili: alama za kurasa na nywila zilizomo kwenye kivinjari, barua pepe kama unatumia Outlook ya kusakinisha, na namba za usajili wa programu ulizonunua. Windows yenyewe kwa laptop nyingi zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 ina namba yake ndani ya ubao mama. Siku ukitaka kurudi, utaisakinisha upya na itajitambua. Mlango wa kurudi haufungwi.

Hatua ya 4: Tengeneza flashi ya kusakinishia

Pakua Mint kutoka linuxmint.com, na si mahali pengine. Faili lina takriban GB 3, kwa hiyo tafuta bando la usiku au sehemu yenye Wi-Fi ya kuaminika.

Likishuka, lihakiki. Faili likikatika njiani huleta makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji, na utalaumu laptop bure. Fungua dirisha la amri la Windows kwenye folda lilipo faili na uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapata mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliotolewa kwenye tovuti ya Mint. Ukitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

Kisha pakua Rufus, programu ndogo ya kuandika faili hilo kwenye flashi. Chomeka flashi ya GB 8 ambayo huna kitu ndani yake, kwa sababu itafutwa yote. Fungua Rufus, hakikisha juu kabisa imeandikwa flashi hiyo na siyo diski yako ya nje yenye akiba, chagua faili la Mint, mengine yaache yalivyo, bonyeza "START". Ikikuuliza namna ya kuandika, chukua ile inayopendekezwa.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kuisakinisha

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. HP ni Esc halafu F9. Dell, Lenovo na Toshiba kwa kawaida ni F12. Asus ni Esc au F8. Acer ni F12, ila mara nyingine inabidi kwanza uingie kwa F2 ukairuhusu. Laptop iliyotoka kwenye kampuni ng'ambo inaweza kukudai nywila hapa. Hiyo ni nywila ya mwenye mali wa zamani, na kama hukupewa, rudi kwa aliyekuuzia. Anayenunua laptop iliyotumika ajaribu jambo hili dukani kabla hajatoa pesa.

Chagua "Start Linux Mint". Kama skrini inabaki nyeusi, anza upya na uchague mstari wa "compatibility mode". Baada ya dakika moja au mbili utaona Mint imefunguka kamili, ikiwa inaishi ndani ya flashi na RAM. Diski yako haijaguswa.

Sasa fanya ukaguzi wa fundi. Unganisha Wi-Fi. Piga video, sikiliza sauti. Fungua kamera. Punguza na uongeze mwanga wa skrini. Chomeka printa, chomeka modemu. Funga mfuniko wa laptop, subiri, ufungue uone kama inaamka. Kama Wi-Fi haionekani, usikate tamaa: baadhi ya kadi, hasa za Broadcom, zinahitaji draiva ya ziada, yaani programu ya kuendesha kifaa hicho. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, na Mint itaitambua palepale. Kwa intaneti hiyo utapakua draiva baada ya kusakinisha.

Printa nazo zina tabia zake. HP LaserJet P1102, ambayo nadhani kila mtaa una yake, inahitaji programu-jalizi ya HP ambayo haiji na mfumo. Ukishasakinisha, fungua terminali (dirisha la amri la Linux), andika hp-plugin, ufuate maelekezo. Canon LBP2900 ni ngumu zaidi, maana inategemea draiva ya Canon yenyewe na inataka uvumilivu. Kama duka lako linaishi kwa printa hiyo, malizana nayo kwanza kabla ya kugusa mashine ya kazi.

Hatua ya 6: Andaa Windows, kisha sakinisha

Kama unataka mifumo yote miwili ikae pamoja, rudi Windows ufanye mambo matatu. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data. Kama imefungwa, izime na usubiri hadi imalize kufungua yote. Zima "fast startup" kwenye mipangilio ya umeme, kwa sababu ikiwa hai Windows haizimiki kabisa, inalala tu, na Linux itakataa kuandika kwenye diski yake. Mwisho fungua diskmgmt.msc, chombo cha Windows cha kugawa diski, bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua "Shrink Volume", na uachie GB 60 au zaidi. Kazi ya kupunguza Windows iachie Windows yenyewe.

Rudi kwenye flashi, bofya mara mbili "Install Linux Mint". Chagua lugha utakayotumia. Kwenye kibodi, laptop nyingi zilizokuja kwetu ni za Uingereza au Marekani. Angalia alama ya @ iko wapi: ikiwa juu ya 2 ni ya Marekani, ikiwa karibu na Enter ni ya Uingereza. Weka tiki kwenye kodeki, zile zinazowezesha kucheza muziki na video.

Usakinishaji ukikuomba utunge nywila ya Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta), iandike pembeni. Baada ya kuwasha upya utakutana na skrini ya bluu. Wengi hupata hofu hapa wakazima. Usizime. Chagua "Enroll MOK", kubali, weka nywila ile, endelea.

Kisha linakuja swali zito. "Install alongside" inaweka Mint pembeni ya Windows. "Erase disk" inafuta kila kitu. Soma mara mbili, tena kwa sauti ikibidi. Mashine ikiwa na diski mbili, angalia jina na ukubwa wa ile iliyochaguliwa, na kwa usalama chomoa diski yoyote ya nje kabla hujaendelea. Kama chaguo la "alongside" halionekani ilhali Windows ipo, usilazimishe: ghairi, ingia kwenye mipangilio ya BIOS (ile ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka), na kwa kawaida utakuta diski imewekwa kwenye mtindo wa RAID badala ya AHCI. Usiubadilishe kwa pupa, maana Windows inaweza kugoma kuwaka. Muone fundi hapo.

Saa za eneo chagua Nairobi au Dar es Salaam. Weka jina, nywila, na uache ifanye kazi. Kwenye SSD ni kama dakika 15. Ikikuambia uondoe flashi, iondoe, bonyeza Enter.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza

Dirisha la kukaribisha litafunguka. Lifuate kwa mpangilio huu.

Anza na Timeshift. Inapiga picha ya mfumo ili siku ukiharibu kitu urudi nyuma. Haihifadhi barua wala picha zako, kwa hiyo diski ya akiba bado inahitajika. Kisha fungua kidhibiti cha masasisho. Ndani yake kuna sehemu ya kuchagua seva ya kupakulia. Ifungue, iache ipime kasi yenyewe, chukua iliyo juu. Sasisho la kwanza laweza kula mamia ya MB, kwa hiyo lifanye ukiwa na bando la kutosha. Baada ya hapo fungua "Driver Manager" uone kama kuna draiva inayopendekezwa.

Halafu fungua terminali. Usiiogope. Ni mahali pa kuandika unachotaka badala ya kukitafuta kwenye menyu. Andika:

sudo apt update
sudo apt install hunspell-sw fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Neno sudo linaomba ruhusa ya kubadilisha mfumo, ndiyo maana utaulizwa nywila. Ukiiandika hutaona herufi zake. Ndivyo ilivyo, andika tu kisha Enter. Kwa mistari hiyo umepata kamusi ya Kiswahili na zile herufi nilizozitaja. Programu nyingine zichukue kwenye duka la programu la Mint lenyewe, na uache tabia ya kuzitafuta mitandaoni pamoja na funguo bandia za kuzifungulia. Katika kompyuta nilizosafisha, funguo hizo bandia zilileta virusi kuliko kitu kingine chochote. Hapa huzihitaji, kwa sababu hakuna kilichofungwa.

Waliobaki na mifumo miwili watakutana na jambo moja la kushangaza: ukitoka Mint ukaingia Windows, saa imerudi nyuma saa tatu kamili. Linux huandika kwenye ubao mama saa ya kimataifa, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya hiyo ya kimataifa. Amri moja inamaliza ugomvi:

timedatectl set-local-rtc 1

Na flashi. Kwa mwenye steshenari hili ndilo litakalomfurahisha kuliko yote. Mteja anakuja na flashi iliyoshikwa na kile kirusi kinachogeuza folda kuwa njia za mkato. Kwenye Mint kirusi hicho hakina miguu, kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Folda halisi zilizofichwa zinaonekana wazi, mara nyingi zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Unazitoa nje, unafuta mafaili ya .lnk na .vbs (njia za mkato na kirusi chenyewe), unamrudishia mteja flashi yake safi.

Nilimsakinishia mama mmoja Mint kwenye kompyuta ya mbele ya duka lake, ile inayopokea flashi. Ya nyuma, yenye programu yake ya mahesabu, tuliiacha na Windows na tukaikata intaneti. Siku ya tatu akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia haraka, akasema, "Mwanangu, kuna mtoto wa shule kaleta flashi, mwalimu wake kamwambia mafaili yamekufa, mimi nayaona yote hapa. Niyachape?" Nikamwambia, "Chapa, mama."

Mwezi wa kwanza

Utakwama mara kadhaa. Ukikwama, nakili maneno ya kosa kama yalivyo, uyatafute pamoja na neno Linux Mint na namba ya toleo lako. Kwa kuwa Mint imejengwa juu ya Ubuntu, majibu ya Ubuntu 24.04 yanafaa kwa Mint 22 mara nyingi. Usinakili amri yenye sudo usiyoielewa inafanya nini, hata kama aliyeiandika anaonekana mjuzi.

Weka hesabu ya mara ngapi unarudi Windows na kwa kazi gani. Ikipita miezi mitatu hujaingia, hakiki akiba yako tena kwa njia ile ya mafaili kumi, kisha ndipo ufute sehemu ya Windows na nafasi yake uifanye ghala la picha na video. Kama unaingia kila wiki kwa ajili ya programu moja, iache ikae. Flashi ya Mint usiifute: ifunge kwa utepe, iandike tarehe na toleo, uiweke droo moja na diski ya akiba.